Polishi yako ilizaliwa lini?

Wiki jana niliwauliza wauzaji watatu wa bidhaa za kung'arisha magari hapa Nairobi swali moja tu: hii polishi huharibika baada ya muda gani? Wa kwanza alicheka. "Boss, hii ni kemikali, si maziwa." Wa pili alisema miaka miwili, tena kwa uhakika wa mtu anayesoma mahali, ingawa kwenye chupa hapakuwa na lolote la kusoma. Wa tatu aliigeuza chupa juu chini, akaikagua, akanirudishia: "Haijaandikwa tarehe, kwa hivyo haiharibiki."

Huyo wa tatu ndiye aliyenifanya niache kazi ya mteja katikati na kuanza kuandika haya. Hoja yake sisi watu wa programu tunaijua sana. Ni sawa na kusema mfumo hauna hitilafu kwa sababu faili ya kumbukumbu iko tupu. Iko tupu kwa kuwa hakuna aliyeiwasha, ndugu yangu!

Nieleze kwanza kwa nini jambo hili linaniuma. Mwaka jana nilinunua kichupa cha mililita 30 cha ile dawa ya kauri inayopakwa juu ya rangi ya gari. Shilingi elfu sita. Nikaosha gari asubuhi, nikalikausha, nikaanza na boneti. Mdomoni mwa kichupa kulikuwa na chembe nyeupe kama sukari, nikadhani ni vumbi la safari. Havikuwa vumbi hata kidogo. Dawa yenyewe ilikuwa imeanza kuganda humo ndani, na kila nilipopitisha kitambaa nilikuwa nakwaruza boneti kwa vijiwe vidogo, huku sehemu nyingine zikikauka kwa mabaka kabla sijazifuta. Fundi alilazimika kuyaondoa kwa mashine. Mashine hiyo haiondoi mabaka peke yake, inakula vanishi ya juu, na vanishi ya kiwandani huwa na unene wa mikroni 40 au 50 hivi. Unywele wa kichwa chako aghalabu ni mnene kuliko hapo. Ikiisha haikui tena.

Nikarudi dukani. Jibu nililopewa: "Si ya zamani, angalia, hakuna tarehe."

Nikaangalia. Hakukuwa na tarehe, kweli, lakini chini ya kichupa kulikuwa na nambari nne zilizochapwa kwa wino hafifu: 4123. Hiyo ni nambari ya bechi, yaani ya mpishi mmoja wa kiwandani. Kuna mpango mmoja unaotumika sana viwandani ambapo tarakimu ya kwanza ni mwaka na tatu zinazofuata ni siku ya mwaka. Kwa hiyo 4123 ni siku ya 123 ya mwaka unaoishia na 4. Mwaka gani huo? Hapo ndipo nilipocheka peke yangu kama mwendawazimu. Ikiwa ni 2024, dawa ilitengenezwa tarehe 2 Mei. Ikiwa ni 2014, ni tarehe 3 Mei, maana 2014 haukuwa mwaka mrefu. Muongo mzima umefichwa ndani ya tarakimu moja.

Wasomaji wenye umri wangu wanakumbuka hekaheka za kuelekea mwaka 2000. Dunia nzima ilitumia mabilioni ya dola kurekebisha mifumo kwa sababu wenzetu wa zamani walihifadhi mwaka kwa tarakimu mbili badala ya nne. Tulichekwa sana. Sasa hawa wenzetu wa viwandani wanatumia moja, na hakuna anayewacheka! Na huo ni mpango mmoja tu. Kampuni nyingine huanza na siku kisha mwaka, nyingine hutumia herufi kwa mwezi, nyingine huweka nambari isiyo na tarehe yoyote ndani yake, ila ni ufunguo wa hifadhidata yao ambayo wewe huwezi kuifikia. Kiwanda kinajua polishi ilizaliwa lini. Mnunuzi peke yake ndiye hajui.

Sasa turudi kwenye swali lenyewe, maana lina jibu, ila si jibu moja. Inategemea ndani ya chupa kuna nini.

Chukua nta ya kopo, ile ngumu. Nyingi hutengenezwa kwa karnauba, nta ya majani ya mnazi-pori wa kaskazini mashariki mwa Brazili. Nta hiyo huyeyuka kwenye nyuzi 80 na kitu, na ikikaa kabatini haina haraka ya kwenda popote. Kinachoondoka ni kiyeyusho kinachoifanya iwe laini. Kopo lisipofungwa vizuri kinapaa hewani, nta inajikunyata, inapasuka kama matope ya ziwa lililokauka. Inakuwa ngumu kupaka, lakini haijaoza. Mzee mwenye kopo la miaka kumi linalopakika bado hana kosa, mwacheni apake.

Polishi ya majimaji ni habari tofauti kabisa. Hiyo ni maji na mafuta yaliyolazimishwa kukaa pamoja, na katikati yake zinaelea chembe ndogo mno za kusugulia, mara nyingi oksidi ya alumini. Ndoa ya maji na mafuta haitaki joto. Gari lililofungwa likiachwa juani linaweza kupita nyuzi 50 ndani, na huko kwenye buti ndiko wengi wetu tunaweka chupa zetu. Mchanganyiko unaachana, mafuta yanapanda juu, chembe zinatua chini na kushikamana. Ukitikisa na ikarudi kuwa uji mmoja, itumie. Ukitikisa na bado inatoka maji kwanza kisha mavimbe, itupe. Yale mavimbe ni msasa, na unakaribia kuupeleka kwenye zile mikroni 40.

Shampuu na dawa za maji za kufutia vumbi zina adui mwingine: vijidudu. Kiwanda huweka kihifadhi cha kuwazuia, lakini kihifadhi kimepimwa kwa dawa kama ilivyotoka kiwandani. Ukiongeza maji ya bomba ili iwe nyingi (sote tunafanya hivyo, tusidanganyane), umekipunguza nguvu kihifadhi na umeleta wageni. Itaanza kunuka kama maji ya chombo cha maua.

Halafu kuna zile zinazofanya kazi kwa mabadiliko ya kikemia, na hizi ndizo zinazokufa kweli. Dawa ya kuondoa chembe za chuma kwenye rimu, ile inayogeuka zambarau, kazi yake hufanywa na thioglikoleti. Ni ukoo uleule wa dawa za saluni za kukunja nywele, ndiyo maana harufu yake inafanana. Hewa huiunguza polepole na siku moja unapulizia rimu chafu na hakuna zambarau. Na ile ya kauri iliyonitia hasara hukauka kwa kunywa unyevu wa hewani. Kugeuka kuwa kigae ndiyo kazi yake, na haijali kama iko kwenye boneti au bado iko kwenye kichupa. Ukishafungua, saa imeanza kuhesabu, na ukiwa Mombasa inahesabu kwa kasi kuliko ukiwa Nakuru.

Kwa hiyo kambi ya "kemikali haiozi" imekosea. Kama bado unabisha, chukua mafuta ya breki, ambayo pengine yako kwenye rafu hiyohiyo. Nayo ni kemikali. Ya DOT 4 yakiwa mapya hayachemki chini ya nyuzi 230, lakini yakishanyonya maji kutoka hewani kiwango chake cha chini ni 155, na ya DOT 3 hushuka kutoka 205 hadi 140. Mafuta yakichemka ndani ya breki, pedali inazama mguuni. Nina hakika wasomaji wangu kadhaa wana chupa iliyofunguliwa ya mafuta hayo nyumbani, wakiisubiri siku ya kuongeza kidogo. Na kambi ya "miaka miwili, tupa kila kitu" nayo imekosea, ila hiyo angalau ina faida kwa mtu fulani. Ni nani anayefurahi ukitupa kopo zima la nta nzuri?

Nimesikia utetezi wa viwanda. Wanasema tarehe haina maana kwa sababu muda wa bidhaa unategemea ilivyotunzwa. Hoja hii inanishangaza, kwa sababu mimi siwaombi watabiri lini itaharibika. Waseme tu ilitengenezwa lini. La kwanza ni utabiri na la pili ni ukweli ambao tayari wanao. Kadiri muda unavyotegemea utunzaji, ndivyo ninavyohitaji kujua imekaa miezi mingapi kwenye kontena na ghala kabla ya kufika kwangu.

Na msiniambie haiwezekani. Tangu mwaka 2000 tairi lenye alama ya DOT hubeba tarakimu nne za mwisho ambazo mtu yeyote anaweza kuzisoma: wiki mbili za mbele, mwaka mbili za nyuma. 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Nchi yetu hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka minane, na mwaka wake hukaguliwa kabla halijapanda meli. Kwa hiyo tunajua umri wa gari, tunajua umri wa tairi, na pakiti ya maziwa ya asubuhi tunaijua mpaka siku. Dawa unayosugua juu ya gari hilohilo, hapana, hiyo ni siri. Lebo yake itakuonya kwa picha ya moto na picha ya mshangao, itakukataza kuinywa, lakini mwaka wake wa kuzaliwa haitakuambia.

Hata hivyo tusiwabebeshe viwanda vya mbali lawama zote. Pale tunapooshea magari, dawa ya dashibodi na ya kung'arisha tairi hutoka kwenye mtungi wa lita 20, ikaingia kwenye chupa ya soda, ikauzwa. Hata kama mtungi ulikuwa na tarehe kubwa kama bango, chupa ya soda haina. Anayemimina ana kalamu ya kuandikia risiti. Hiyohiyo ingetosha.

Mimi siku hizi natembea na kalamu ya wino usiofutika. Kila ninachonunua naandika ubavuni siku niliyonunua, na siku niliyofungua, mwaka kwa tarakimu nne kama mtu aliyejifunza kitu mwaka 2000. Dawa ya kauri naifungua siku ambayo nimepanga kuimaliza. Chochote chenye umri nisioujua nakijaribu kwanza kwenye kipande cha kioo cha zamani ninachokiweka gereji, nakisugua, nakifuta, nakiangalia kwa tochi. Ni kazi ya dakika mbili na kioo hakijawahi kulalamika.

Na ya kauri sinunui tena kwa mtu asiyeweza kunionyesha mwaka. Kile kichupa cha muuzaji wa tatu nilikiacha kauntini. Alinifuata hadi mlangoni akipunguza bei mara mbili. Mwaka hakuutaja.