Magari ya Kivita Yaliyomo Mikononi mwa Ukoo

Katika vilima vya Portola Valley, jimbo la California nchini Marekani, Jacques Littlefield alitumia zaidi ya miaka 30 kukusanya na kufufua magari ya kivita. Alipofariki mwaka 2009 aliacha magari zaidi ya 200: vifaru, magari ya deraya, malori na mizinga yenye kujiendesha. Miongoni mwake kilikuwamo kifaru cha Kijerumani aina ya Panther, kilichozama mtoni nchini Poland wakati wa Vita Kuu ya Pili, kikaopolewa baada ya miaka mingi na kuundwa upya. Mwaka 2013 mkusanyo huo ulikabidhiwa kwa Collings Foundation. Mwaka uliofuata sehemu kubwa yake iliuzwa kwa mnada ili zipatikane fedha za kuyajengea jumba magari yaliyobaki, na mwaka 2019 jumba la American Heritage Museum likafunguliwa katika jimbo la Massachusetts.

Wapo walioulaumu mnada ule. Lawama hiyo haina uzito mkubwa, maana gari lililofungiwa bandani lisionwe na mtu halina faida kuliko lile lililouzwa likaonwa na wengi. Hasara iliyo kubwa zaidi, mkusanyo wowote wa ukoo unapotawanyika, ni ya kumbukumbu za karakana: sehemu ipi ni ya asili, ipi imechongwa upya, na fundi alitumia njia gani kuifungua nati iliyoliwa na kutu kwa miaka 50. Chuma huweza kununuliwa tena. Maarifa hayo hufa pamoja na mafundi wake. Kwa hiyo ukoo usidhani kwamba umekwisha kushirikisha watu kwa kukata tiketi mlangoni tu. Michoro na daftari za matengenezo nazo zitolewe, na wanafunzi wa ufundi waruhusiwe kushika spana.

Panther yenyewe ni mfano mwema. Magurudumu yake yamepandana, hivyo hugawanya uzito wa kifaru na kupunguza mtikisiko. Katika kitabu ubunifu huo hupendeza sana. Lakini tope lilipoganda baina ya magurudumu wakati wa baridi kali, kifaru kilikwama. Na fundi aliyetaka kubadili gurudumu la ndani alilazimika kwanza kuondoa kadhaa ya nje. Mwanafunzi aliyeifanya kazi hiyo kwa mikono yake hataisahau gharama ya ubunifu usiomfikiria mtengenezaji.

Hata vitu vidogo vilivyofungwa ubavuni mwa magari hayo vina elimu. Huko Afrika ya Kaskazini Waingereza walianza vita kwa kubebea petroli katika makopo ya bati jembamba ya galoni 4, ndugu wa debe lijulikanalo sana Afrika Mashariki, nayo yalivuja vibaya. Wajerumani walikuwa na chombo cha lita 20 kilichobuniwa katika miaka ya 1930. Kilikuwa na mikono mitatu, ili watu wawili waweze kukibeba pamoja. Alama ya X ubavuni ilikipa bati nguvu na nafasi ya kutanuka. Na hewa iliyobaki ndani ilikifanya kielee majini hata kikijaa petroli. Waingereza walikiiga, wakakiita kwa jina la mzaha walilowapa Wajerumani, na ndiyo asili ya neno jerikeni.

Je, magari haya yaendeshwe au yatulie? Jumba la vifaru la Bovington, Uingereza, lina kifaru aina ya Tiger kilichotekwa Tunisia mwaka 1943, kikarudishiwa uwezo wa kutembea baadaye. Huendeshwa kwa nadra, na ndivyo ifaavyo, kwa sababu kila mwendo hula chuma cha asili ambacho hakiundwi tena.

Pingamizi iliyo nzito zaidi ni kwamba hizi ni zana za kuulia watu. Ni kweli, na maelezo ya ukutani yasiifiche kweli hiyo kwa kuhesabu nguvu za injini tu. Aghalabu maelezo hayo humtaja jenerali na kumsahau dereva. Maelfu ya Waafrika wa Mashariki walitumikia jeshi la Uingereza katika vita vya Ethiopia mwaka 1941 na vya Burma mwaka 1944, madereva na mafundi wakiwa miongoni mwao. Lori lolote la kampeni hizo lililohifadhiwa halina budi kuwataja.

Limebaki jambo la usalama, ambalo wakusanyaji hulipuuza mno. Vifungio vingi vya breki vya zamani vina asbesto. Saa nyingi za dashibodi zilipakwa rangi yenye radiamu ili zing’ae gizani. Rangi hiyo huacha kung’aa baada ya miaka michache kwa kuwa kemikali inayotoa nuru huchakaa, lakini radiamu yenyewe huchukua takriban miaka 1,600 kupungua kwa nusu. Kabla ya watoto kuruhusiwa kupanda na kuketi katika kiti cha dereva, kila saa ipimwe kwa chombo cha kupimia mionzi, na ile yenye kioo kilichopasuka iondolewe na mtaalamu.