Kompyuta Kongwe na Fedha za Amana



Wapenzi wasomaji, mama zetu na dada zetu mnaoisubiri safu hii kila wiki, leo nimeona tuzungumze jambo ambalo kwa juu juu ni la mafundi, lakini ndani yake limo suala la mali, nalo litaulizwa Siku ya Hesabu kama zinavyoulizwa mali nyingine zote.

Mwezi uliopita nilikuwa Garissa, mgeni wa jamaa zangu, siku tatu. Siku ya pili baada ya sala ya Alasiri nilijiwa na mama mmoja, mwenyekiti wa kikundi cha akina mama wanaouza maziwa ya ngamia sokoni. Wasomaji wetu wa pwani huenda hawajui kwamba biashara hiyo kule iko mikononi mwa wanawake: maziwa hutoka kwa wafugaji porini alfajiri, hupokewa na akina mama, nayo mengi huchukuliwa kwa mkopo na kulipwa baada ya kuuzwa. Basi kikundi hiki kina kompyuta moja ya mezani, waliyopewa sadaka na mfanyabiashara, iliyotengenezwa mwaka 2012. Ndani yake wameandika nani ameleta lita ngapi, nani anadai na nani anadaiwa. Jioni binti zao huitumia kujifunza kuchapa.

"Sheikh," akaniambia, "mashine imechoka. Ukiiwasha unaweza kuteka maji ukarudi haijafunguka. Fundi amesema tuongeze memori, gigabaiti nane, shilingi 4,500. Katika sanduku letu tuna shilingi 9,000, na kila shilingi ni jasho la mama fulani. Nikitoa nusu yake na mashine isipone, nitawajibu nini wenzangu?"

Nilimshukuru kwa swali lake, kwa maana wengi wetu hununua kwanza na kuuliza baadaye. Mimi mwenyewe ni mmoja wao. Miaka kadhaa nyuma niliambiwa niongeze memori katika kompyuta ya madrasa. Nikaingia dukani, nikataja ukubwa tu, nikalipa. Nilipofika nyumbani kile kipande kilikataa kuingia katika nafasi yake. Kilikuwa cha aina ya DDR3, na mashine yangu ilitaka DDR2. Vyote viwili vina pini 240 na kwa jicho la asiyejua ni pacha, ila ule mkato wa chini haukai mahali pamoja. Muuzaji hakukubali kukirudisha, na fedha zile zilikuwa za madrasa. Nilizilipa mfukoni mwangu, na tangu hapo nikajifunza kuuliza.

Basi tuanze kwa kufahamu kitu chenyewe. Memori, ambayo mafundi huiita RAM, mfano wake ni loho ya mtoto wa chuoni. Mtoto huandika somo la leo juu ya loho, hulisoma, kisha huliosha na kuandika jingine. Loho si mahali pa kuhifadhi. Ni mahali pa kufanyia kazi, na umeme ukikatika memori huoshwa yote. Mahali pa kuhifadhi ni diski, nayo mfano wake ni sanduku la vitabu lililo pembeni mwa darasa. Loho ikiwa ndogo, mwanafunzi ataosha na kuandika mara kwa mara na kazi itakwenda pole. Lakini ikiwa loho yatosha, na mzee anayeleta vitabu kutoka sandukuni ndiye anayejikokota, kumnunulia mtoto loho kubwa zaidi hakutamfanya mzee yule atembee upesi.

Hilo ndilo la kupima kabla ya kutoa fedha, na kipimo chake hakina gharama. Katika kompyuta yenye Windows, fungua kazi zako kama unavyozifungua siku zote, kisha bonyeza kwa pamoja vitufe vya Ctrl, Shift na Esc. Utaona orodha, na juu yake asilimia za prosesa, za memori na za diski. Anza na memori. Ikiwa inakaa juu ya asilimia 85 au 90 muda wote wa kazi, loho ni ndogo, na kuongeza memori kutasaidia kwa hakika. Ikiwa memori imebakiwa na nafasi ya kutosha lakini diski imegota kwenye asilimia 100, ugonjwa uko sandukuni. Na ikiwa vyote viwili vimejaa, tengeneza memori kwanza, kwa sababu loho ikijaa mashine huanza kuazima nafasi katika diski, na diski nayo ikalemewa kwa kosa lisilo lake.

Tulikwenda tukapima, mimi na yule mama na binti yake wa kidato cha tatu, ambaye ndiye mwandishi wa kikundi. Memori ilikuwa gigabaiti 4. Walipofungua daftari la hesabu na ukurasa mmoja wa intaneti, ilisimama karibu na asilimia 65. Diski ilikuwa asilimia 100 na haikushuka. Binti akasema, "Nayo hulia, Sheikh. Hugonga ndani kama mtu anayebisha mlango."

Hapo nikasahau habari za memori kabisa. Diski ya zamani yenye sahani inayozunguka, ikianza kugonga, mara nyingi inaaga. Nikauliza: nakala ya hesabu iko wapi? Wakatazamana. Hakukuwa na nakala.

Ndugu zangu, aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani, aya ya 282 ya Suratul Baqara, imeteremka kuhusu kuandika madeni. Haki za akina mama wale wote zilikuwa ndani ya chombo kimoja kinachogonga. Lau wangenunua memori siku ile, mashine ingebaki vile vile, nayo diski ingekufa siku moja pamoja na hesabu zote, na wanawake waliouziana kwa kuaminiana wangeanza kushukiana.

Kabla ya Magharibi tulinunua flashi na kunakili kila faili. Faili moja, la mwezi wa Shaabani, lilikataa kufunguka. Binti alikaa siku mbili akilijaza upya kutoka katika madaftari ya mkono ya wale wauzaji, na mama mmoja ambaye hakuwa na daftari ilibidi aaminiwe kwa neno lake. Waliliridhia hilo, lakini uso wa mwenyekiti niliuona.

Kisha tukarudi kwenye hesabu ya matumizi. Garissa joto hupita nyuzi 35 mara nyingi, na vumbi halina mlango. Fundi alipoifungua mashine, feni ilikuwa imevaa blanketi la vumbi. Aliisafisha kwa brashi laini, umeme ukiwa umechomolewa, naye akigusa chuma cha kasha kila mara ili umeme tuli wa mwilini usidhuru vipande. Akazima programu zinazojiwasha zenyewe asubuhi. Hayo hayakugharimu chochote.

Diski mpya ya SSD, ambayo haina sahani ya kuzunguka na kwa hiyo husoma upesi mno kuliko ile ya zamani, pamoja na ufundi na nauli ya mzigo wa basi kutoka Nairobi, ilifika shilingi 4,500. Wasomaji watagundua kwamba ni fedha zile zile zilizotajwa kwa memori. Fundi yule hakuwa mwongo. Alitoa jibu ambalo kwa mashine nyingi ni sahihi, bila kuipima hii. Nasi tulimtumia yeye yeye, kwa kuwa ni mtu mwaminifu na alikiri.

Ikiwa wewe umepima na kwako tatizo ni memori kweli, yashike mambo manne. La kwanza, jua aina: mashine nyingi za mezani za kati ya 2009 na 2015 hutumia DDR3, na zilizofuata DDR4; hazibadilishani. Chomoa kipande ulicho nacho, umpe muuzaji akione. La pili, memori ya kompyuta ya mapajani ni fupi na haiingii katika ya mezani. La tatu, tazama kama Windows yako ni ya biti 32. Ikiwa ndiyo, haitatumia zaidi ya gigabaiti 4 hata ukiipa 16. La nne, hesabu nafasi zilizo wazi kwenye bodi kuu, usije ukalazimika kutupa ulichonacho. Aliye mbali na soko, kama watu wa Garissa walio takriban kilomita 370 kutoka Nairobi, kosa lake lina nauli ya kwenda na kurudi. Tena tangu mwishoni mwa 2025 bei za memori mpya zimepanda duniani, kwa kuwa viwanda vinazielekeza kwenye vituo vikubwa vya akili mnemba. Kwa mashine kongwe, kipande kilichotumika na kujaribiwa mbele yako chatosha.

Lipo swali kubwa zaidi: je, mashine yenyewe ina umri uliobaki? Windows 10 ilikoma kupata matengenezo ya kawaida ya usalama tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 huzikataa prosesa nyingi za kabla ya 2018, hata memori iwe nyingi vipi. Kompyuta ya 2012 haitavuka daraja hilo kwa njia halali ya kawaida. Inaweza kuwekewa Linux, ambayo ni bure, au ikatumika kwa kuchapa na hesabu pasipo kuunganishwa na intaneti. Kwa hiyo kanuni yangu ni hii: usitie katika mashine kongwe zaidi ya theluthi moja ya bei ya kununua iliyo bora kuliko yake.

Nilipolisema hilo katika kikao chao, mama mmoja mtu mzima, ambaye hajui kusoma, alisema: "Sheikh, ngamia mzee hatumtupi, wala hatumpakii mzigo wa kijana. Abebe maji tu." Wakaamua hivyo. Mashine ibebe hesabu tu, bila intaneti. Shilingi 4,500 zilizobaki zikarudi sandukuni kuwa mwanzo wa kununua nyingine. Na kila Alhamisi binti hunakili hesabu katika flashi, nayo hulala nyumbani kwa mweka hazina, nyumba tofauti na iliyo na kompyuta.

Katika Suratul Israa, aya ya 26 na ya 27, tumekatazwa kufuja mali. Wengi tunadhani ufujaji ni karamu na mapambo. Kununua dawa kabla ya kujua ugonjwa nako ni ufujaji, hata kama dawa ni nzuri. Basi kabla ya wiki hii kwisha, mama, mwite mwanao aliye karibu na kompyuta ya nyumbani, mpime pamoja kwa vitufe vile vitatu. Na kabla ya kupima, nakilini kwanza.

Wabillahi tawfiq. Tukutane wiki ijayo, inshaallah.