Wakili Mwema Peke Yake Hatoshi



Hapa Masoro, kila mwenzetu anapoachishwa kazi bila sababu, neno la kwanza kusikika ni hili: "Tungekuwa na wakili!" Hatulipingi neno hilo. Wakili ni mtu wa maana. Lakini historia ya Afrika Mashariki inatufundisha kwamba wakili, hata awe mwema na hodari namna gani, hawezi kushika nafasi ya chama cha wafanyakazi. Ushahidi wetu ni maisha ya Fitz de Souza wa Kenya, wakili aliyegeuka mwanasiasa, aliyefariki mwaka 2020.

De Souza alizaliwa mwaka 1929 katika jamii ya Wagoa. Goa ni nchi ya pwani ya India iliyotawaliwa na Wareno kwa miaka zaidi ya 450, hadi majeshi ya India yalipowaondoa Desemba 1961. Ndiyo maana Wagoa wengi wana majina ya Kireno. Katika Kenya ya mkoloni wengi wao walikuwa makarani, chini ya Mzungu na juu ya Mwafrika. Mkoloni alipenda wabaki hapo hapo, kwa sababu mtu aliyewekwa katikati huogopa kupoteza kile kidogo alichopewa. De Souza alisomea sheria Uingereza, akarudi Nairobi, na hakukubali kukaa katikati.

Mwaka 1952 serikali ya mkoloni ilitangaza hali ya hatari. Jomo Kenyatta na wenzake watano walikamatwa, wakashtakiwa kwa kuongoza Mau Mau. Yafaa sisi wafanyakazi tukumbuke kwamba wawili kati ya hao sita, Fred Kubai na Bildad Kaggia, walitoka katika vyama vya wafanyakazi. Kubai alikuwa rais wa shirikisho la vyama vya wafanyakazi la Afrika Mashariki lililoundwa Mei 1949, na katibu wake mkuu alikuwa Makhan Singh. Kwa hiyo kesi ile ilikuwa yetu pia.

Kesi ilipelekwa Kapenguria, mbali kabisa na Nairobi, mahali pasipokuwa na hoteli. Mawakili walilala Kitale. De Souza, kijana bado, alikuwa mmoja wao chini ya D. N. Pritt wa Uingereza, pamoja na A. R. Kapila na Jaswant Singh wa Kenya, H. O. Davies wa Nigeria, Dudley Thompson wa Jamaica na Chaman Lall wa India. Kundi hodari kama hilo ni nadra kuonekana mahakamani. Hata hivyo walishindwa. Aprili 1953 washtakiwa wote sita walihukumiwa miaka saba pamoja na kazi ngumu. Mwaka 1958 shahidi mkubwa wa serikali, Rawson Macharia, alikiri kwa kiapo kwamba alisema uongo. Mkoloni hakuifuta hukumu. Alimfunga Macharia kwa sababu ya kiapo hicho kipya!

Baadaye De Souza aliingia katika siasa. Alikuwa mshauri katika mikutano ya katiba huko London, kisha akawa mbunge na Naibu Spika. Hatumlaumu kwa hilo. Lakini tutazame yaliyowapata wenzake miaka ile ile. Makhan Singh, aliyekaa kizuizini tangu 1950 hadi 1961, hakupewa nafasi yoyote kubwa katika serikali huru. Pio Gama Pinto, Mgoa mwenzake na rafiki yake, aliuawa kwa risasi Nairobi tarehe 24 Februari 1965. Mwaka huo huo serikali iliyafuta mashirikisho mawili ya wafanyakazi yaliyokuwa yakigombana, ikaunda moja, COTU. Mwaka 1968 Kaggia alifungwa jela kwa kufanya mkutano bila kibali. Rafiki wa wafanyakazi alikuwa amekaa juu kabisa Bungeni, na kiti chake hakikuzuia hata moja katika hayo.

Wapo watakaosema: hiyo ni Kenya ya zamani, sisi Rwanda tuna sheria. Ni kweli, tunayo. Sheria Na. 66/2018 inasema mkataba usioandikwa usizidi siku 90 mfululizo. Inasema pia kwamba ugomvi wa mfanyakazi mmoja na mwajiri wake uanzie kwa wawakilishi wa wafanyakazi. Ukishindikana huenda kwa mkaguzi wa kazi, na mwisho mahakamani. Basi tuitazame vizuri njia hiyo. Wakili yuko mwisho wake. Mwanzo wake ni sisi.

Kama mwanzoni hatukuchagua mwakilishi, au tulimwacha mwajiri atuchagulie mtu wake, kesi yetu itafika mahakamani bila karatasi na bila shahidi. Wakili atafanya nini hapo? Pritt na De Souza walikuwa na ujuzi wote wa sheria, na bado shahidi mmoja wa uongo aliwashinda. Mtegemea cha nduguye hufa maskini.

Hivyo basi, ndugu zetu wa viwandani na wa mashamba ya chai, kila mmoja adai nakala ya mkataba wake na aitunze nyumbani. Stakabadhi za mshahara zisitupwe. Siku ya kuchagua wawakilishi asikose mtu, na achaguliwe yule asiyemwogopa mnyapara. Ada ya chama ilipwe kwa wakati, maana ada hiyo ndiyo itakayomlipa wakili siku tutakapomhitaji. Wakili wa namna ya De Souza akitokea, tumkaribishe kwa mikono miwili. Lakini atukute tumekwisha jipanga.