Mtoto garini ni abiria kamili

Katika miji mingi mikubwa ya Marekani, barabara kuu huwa na njia moja iliyotengewa magari yenye watu wawili au watatu na zaidi. Dereva aliye peke yake haruhusiwi kuipita saa za msongamano. Akithubutu, askari humsimamisha na kumwandikia faini, ambayo katika jimbo la California haipungui dola 490. Sasa ikiwa mama anaendesha gari na nyuma amemfunga mkanda mwanawe wa miaka miwili, je, gari hilo lina mtu mmoja au wawili? Sheria ya California yasema ni wawili. Wapo Wamarekani ambao wamelinung'unikia jambo hilo kwa miaka mingi. Mimi naiunga mkono sheria hiyo, na naamini hoja yake yatugusa sisi Wakenya ingawa hatuna njia kama hizo katika barabara zetu.

Wanaopinga wana hoja ambayo si ya kupuuzwa. Njia hizi zilianza kama njia za mabasi: ile ya Shirley Highway, huko Virginia, ilifunguliwa mwaka wa 1969. Mwishoni mwa mwaka wa 1973, wakati mafuta yalipoadimika kutokana na vikwazo vya nchi za Kiarabu, magari madogo yenye watu wanne nayo yakaruhusiwa kuipita. Nia ilikuwa kuwashawishi wafanyakazi waache magari yao nyumbani na kusafiri pamoja. Hivyo basi, wapinzani huuliza, mtoto wa miaka miwili ameacha gari gani nyumbani? Hana leseni wala gari, na angekuwamo humo hata kama njia hiyo isingekuwapo. Kumhesabu, wasema, ni kumtunuku mzazi kwa jambo ambalo angelifanya vyovyote vile.

Niliwapa wanafunzi wangu mada hii katika mdahalo, na kijana mmoja wa kidato cha tatu aliijibu hoja hiyo kwa njia iliyonipendeza. Alisema kwamba ikiwa kipimo cha abiria ni uwezo wa kuendesha gari, basi babu yake aliyepofuka si abiria, na yeye mwenyewe asiye na leseni si abiria. Darasa lilicheka, lakini upande wa pili haukupata la kumjibu. Barabara hujengwa ili watu wafike waendako. Mtoto aendaye shule ana safari yake, tena ni safari isiyoahirishwa. Jirani mmoja akiwachukua watoto wa nyumba tatu, magari mawili yamebaki nyumbani, ijapokuwa hakuna hata mmoja wa watoto hao ajuaye kushika usukani.

Hata hivyo, lazima pawe na mpaka. Mwaka wa 2006 mwanamke mmoja mjamzito alifikishwa mahakamani mjini Phoenix, Arizona, akadai kwamba mtoto aliye tumboni alikuwa mtu wa pili garini. Hakimu alikataa, akamtoza faini ya dola 367. Alisema kwamba anayehesabiwa ni yule anayechukua nafasi yake mwenyewe, iliyo mbali na ya mwingine, ndani ya gari. Dai kama hilo lilizuka tena Dallas mwaka wa 2022, siku chache baada ya Mahakama Kuu Zaidi ya Marekani kubatilisha haki ya kikatiba ya kutoa mimba, na safari hiyo tikiti ilifutwa. Na huko California, mwaka wa 2013, kuna bwana aliyejaribu kuishawishi mahakama kwamba makaratasi ya kampuni aliyokuwa ameyaweka kitini ni mtu wa pili, kwa kuwa sheria huitambua kampuni kama mtu! Alishindwa. Sitaingia katika ubishi wa mimba, ambao una uzito wake na haufai kuamuliwa na askari wa barabarani. Ninachokichukua hapa ni kile kipimo cha hakimu wa Phoenix, yaani kuwa na nafasi yako mwenyewe.

Nakichukua kwa sababu ya yaliyotokea Jakarta, mji mkuu wa Indonesia. Kuanzia mwaka wa 1992 serikali ya mji huo ilipiga marufuku magari yenye watu wasiotimia watatu katika barabara kadhaa za katikati ya mji, asubuhi, na baadaye jioni pia. Haukupita muda kabla watu maskini hawajaanza kusimama kando ya barabara karibu na mahali marufuku ilipoanzia, wakiinua kidole ili wenye magari wawachukue kwa malipo kidogo na kutimiza idadi. Mama aliyembeba mtoto mchanga aliinua vidole viwili, kwani alihesabika watu wawili. Mtoto akawa bidhaa. Mwaka wa 2016 polisi waliwakamata watu walioshukiwa kuwalevya watoto kwa dawa za usingizi ili watulie kutwa nzima katika magari ya wageni, na mwaka huo huo utaratibu wote ukafutwa.

Msomaji atasema kwamba hapo ndipo hoja yangu inapoanguka. Hiyo ndiyo pingamizi nzito kuliko zote, na inastahili jibu. Kwanza, ile hesabu ya vichwa yenyewe ilikuwa na manufaa. Wachumi walioupima msongamano wa Jakarta, wakachapisha matokeo yao mwaka wa 2017, waligundua kwamba baada ya marufuku kuondolewa, kilomita moja iliyokuwa ikichukua dakika 2.1 asubuhi ilianza kuchukua dakika 3.1, na jioni zikaruka kutoka 2.8 hadi 5.3. Pili, na hili ndilo kubwa kwangu, mtoto wa Jakarta alihesabiwa bila kuwa na mahali pa kuketi. Alikuwa kichwa tu katika mapaja ya mtu. California humhesabu mtoto, lakini pia humdai dereva kiti: aliye chini ya miaka minane lazima awe katika kiti cha kitoto kinachomfaa, na aliye chini ya miaka miwili, isipokuwa akiwa mkubwa mno wa mwili, lazima kiti chake kitazame nyuma. Ukiyashika mambo hayo mawili pamoja, biashara ya kukodisha watoto huwa ngumu, maana hakuna anayesimama kando ya barabara na kiti cha mtoto akingoja gari la mgeni.

Hapo ndipo tunapofika nyumbani. Kanuni zilizoanza kutumika mwezi wa Februari 2004, zama za Waziri John Michuki, zilitaka kila abiria wa matatu awe na kiti na mkanda wa usalama. Matatu ya abiria 14 ikapaswa kubeba 14. Lakini ingia katika matatu yoyote asubuhi shule zinapofunguliwa uwatazame walio mapajani. Utingo hawahesabu. Askari akichungulia dirishani naye hawahesabu. Mama amejifunga mkanda, na mtoto amefungwa kwa mikono ya mama.

Naomba mwalimu wa fizikia awafanyie wanafunzi wake hesabu hii ubaoni. Gari liendalo kilomita 50 kwa saa likisimama ghafla katika sehemu moja ya kumi ya sekunde, mtoto wa kilo 10 husukumwa mbele kwa nguvu inayolingana na uzito wa kilo 140 hivi. Hakuna mama awezaye kuuzuia mzigo huo kwa mikono, awe na mapenzi kiasi gani.

Najua kinachomfanya mama ampakate mwanawe. Ni nauli. Akimkalisha kitini atadaiwa nauli ya mtu mzima, na yeye hana. Kwa hiyo simlaumu yeye. Ninavyoona, vyama vya matatu vingeweza kuweka nusu nauli kwa mtoto wa shule ya msingi na kumpa kiti kizima. Mwenye gari atapoteza nusu nauli kwa kila kiti cha mtoto, nami siwezi kudai kwamba hasara hiyo ni ndogo kwake. Basi igawanywe: kaunti zinazomtoza ada ya kuegesha magari kila siku zimpunguzie kidogo anayekubali utaratibu huo. Naye askari wa trafiki, anapochungulia dirishani kuhesabu wale 14, aanze na walio mapajani.