Mlango wa Mashine ya Kufulia Usiokubali Kufunga

Ndugu msomaji, mwezi uliopita nilikwenda Kilosa kwa ajili ya msiba. Kwa kuwa reli ya kisasa, iliyoanza kuchukua abiria mwaka 2024, imeifanya safari ya kutoka Dar es Salaam kuwa nyepesi, nilibakiwa na siku mbili. Nikapanda basi kwenda Mikumi kumjulia hali dada yangu mkubwa.

Mikumi ni mji wa wapita njia. Madereva wa malori yaendayo Zambia hulala hapo, na watazamaji wa wanyama katika hifadhi iliyoanzishwa mwaka 1964 hulala hapo pia. Dada yangu hufua mashuka ya nyumba za wageni. Tulipokuwa watoto huko Kilosa tulifua ukingoni mwa mto Mkondoa. Leo anayo mashine yenye mlango wa mbele, aliyoinunua ikiwa imekwisha kutumika, na kwa mashine hiyo ndipo zinapotoka ada na sare za wajukuu.

Nilimkuta ameketi juu ya ndoo, mashuka yamerundikana hadi kiunoni. "Karibu, mdogo wangu," akasema, "ila umenikuta katika balaa." Mlango ulikuwa haufungi. Ukisukumwa, unarudi. Pembeni alisimama kijana wa jirani, fundi redio, mwenye adabu na mikono myepesi, naye alikuwa amekwisha kupata dawa: aziunganishe nyaya za kitasa moja kwa moja, kisha mlango ufungwe kwa ukanda wa mpira wa baiskeli. Mashine ingedhani mlango umefungwa, na kazi ingeendelea.

Hapo nilimwomba asubiri, na sababu yangu ilikuwa mjukuu wa miaka minne aliyekuwa akichungulia ndani ya mashine hiyo huku tukizungumza.

Yafaa tuelewe kitasa hicho kinafanya nini. Mlango una kulabu ndogo. Ukifungwa, kulabu huingia katika tundu la kitasa na kunaswa. Mashine ikiwashwa, umeme hukipasha moto kipande kidogo kilichomo ndani ya kitasa, bamba la metali mbili hujikunja kwa joto, na kujikunja huko husukuma pini inayoufunga mlango usifunguke. Ndipo mota inaporuhusiwa kuzunguka. Kazi ikiisha, hapana budi kungoja dakika moja au mbili ili bamba lipoe. Wengi hudhani mashine imekwama, wakauvuta mlango kwa nguvu na kuivunja kulabu. Kuziunganisha nyaya ni kuling'oa kufuli hilo. Pipa la ndani la mashine nyingi za namna hiyo, wakati wa kukamua, huzunguka zaidi ya mara 1,000 kwa dakika, na ukanda wa baiskeli haumzuii mtoto mwenye udadisi. Mkono ukiingia humo, hakuna awezaye kuuwahi.

Kijana alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Kweli, mzee. Basi tuitafute sababu yenyewe." Nilimpenda kwa neno hilo.

Tuliichomoa plagi ukutani kwanza. Kuzima swichi peke yake hakutoshi. Kisha tukautazama ule mpira mzito uliozunguka mdomo wa mashine. Mara nyingi ugonjwa ni huo tu: mpira umechomoka katika mfereji wake, au soksi imejibana katika mkunjo, na mlango haupati nafasi ya kukaa. Tulipitisha vidole pande zote. Tulipata kifungo cha shati, pini ya nywele, na uchafu ambao dada aliomba nisiuandike. Tukaufuta mpira kwa kitambaa chenye maji ya sabuni. Mlango bado ukakataa.

Kulabu je? Tuliisukuma kwa ncha ya bisibisi. Ilirudi mahali pake, maana yake springi yake ilikuwa hai. Lakini upande wake wa chini ulikuwa umekwaruzwa ukang'aa, na ukingo wa chini wa tundu la kitasa ulikuwa na alama iyo hiyo. Kulabu ilikuwa ikigonga chini ya tundu badala ya kuingia. Nikamwambia kijana aunyanyue mlango kwa kiganja, kadiri ya unene wa sarafu, kisha aufunge. Ta! Ukafunga.

Kitasa hakikuwa na kosa lolote. Bawaba ndizo zilizolegea. Nikamtazama dada, naye akatazama pembeni. Kumbe kila siku huutegemeza mlango ule beseni la mashuka mabichi wakati wa kuyatoa, na mjukuu naye huuning'inia akicheza. Mlango wenye kioo kinene una uzito wake tayari. Ukiongezewa beseni, skrubu hulegea na bawaba hupinda.

Kijana alizikaza skrubu mbili. Ya tatu ilikuwa imekula uzi wake ikizunguka bure, akaitafutia nyingine nene kidogo katika kopo lake la vyuma chakavu. Bawaba haikuwa imepinda sana. Ingekuwa imepinda, ingefaa ibadilishwe, kwani ya kunyooshwa kwa nyundo hupinda tena. Kazi yote ilichukua muda wa kuchemsha chai. Dada alitaka kumlipa kama fundi wa mjini, kijana akakataa, wakakubaliana ya nusu na sahani ya wali.

Msomaji, iwapo mlango wako unafunga ukisikika ta, lakini mashine haianzi, basi huenda kitasa chenyewe kimekufa. Hicho hununuliwa kipya kwa kutaja namba ya mashine, ambayo aghalabu imebandikwa mdomoni mwa mlango au mgongoni. Mwachie fundi anayejua umeme akifunge. Na mashine isiyotumika tena, inayosubiri mnunuzi uani, ing'olewe mlango kabisa, kwa maana mtoto akijifungia humo hawezi kufungua kutoka ndani.

Mashuka ya dada yalikwisha kuanikwa kabla ya magharibi, isipokuwa manne. Beseni sasa linakaa juu ya kigoda. Mjukuu ameshatafuta mahali pengine pa kuning'inia: lango la ua.