NAFSINENI KIZIMBANI: Uhakiki wa Muziki wa Wanafunzi wa Vyuo Vikuu vya Marekani

Utangulizi

Miongoni mwa mambo ambayo mwanafunzi wa ushairi hufunzwa mwanzoni kabisa mwa masomo yake ni kwamba nafsineni si mshairi. Anayesema "mimi" ndani ya shairi ni kiumbe wa sanaa. Ana sauti, tabia na historia aliyopewa na mtunzi, na huenda maisha yake yasikutane popote na ya mtunzi huyo. Kanuni hii ni ya kimsingi kiasi kwamba wahakiki aghalabu hawaoni haja ya kuitetea. Hata hivyo, iko sanaa moja iliyonyimwa kanuni hii kwa miongo kadhaa, na walioinyima si polisi na viongozi wa mashtaka pekee, bali pia wasomi waliojitokeza kuwa watetezi wake. Sanaa hiyo ni muziki wa kufoka, yaani rapu, wa Wamarekani weusi.

Ubaya wa kosa hili hudhihirika zaidi muziki huo unapolinganishwa na muziki mwingine uliopendwa na hadhira ileile: muziki wa bendi ambazo Wamarekani huziita "jam bands", nazo zitaitwa hapa bendi za ufaraguzi kwa kuwa fahari yake ni kufaragua jukwaani. Tangu miaka ya 1980, sanaa hizi mbili zimeishi bega kwa bega katika mabweni, vituo vya redio na kumbi za vyuo vikuu vya Marekani. Licha ya ujirani huo, uhakiki umezipimia kwa mizani miwili. Bendi za ufaraguzi zimechukuliwa kuwa sanaa, na rapu imechukuliwa kuwa ripoti. Mgawanyo huu hauna mashiko ya kinadharia, na madhara yake hayaishii darasani.

Hadhira Moja, Mizani Miwili

Kwamba sanaa zote mbili ni zao la mazingira ya chuo ni jambo lisilohitaji kubishaniwa. Bendi ya Phish iliundwa na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Vermont mwaka 1983. Dave Matthews Band ilianza mwaka 1991 katika mji wa Charlottesville, mji wa Chuo Kikuu cha Virginia. Grateful Dead, bendi iliyozianzishia njia zote hizi, ilizaliwa California mwaka 1965, na onyesho lake linalotajwa kuliko mengine yote ni lile la tarehe 8 Mei 1977 katika ukumbi wa Barton Hall, Chuo Kikuu cha Cornell.

Rapu nayo haikutoka mitaani moja kwa moja hadi sokoni kama inavyosimuliwa mara kwa mara. Ni kweli kwamba chimbuko lake ni sherehe za vijana wa Bronx, na mwaka 1973 ndio hutajwa kuwa mwanzo wake. Lakini kampuni ya Def Jam, iliyoisambaza duniani, ilianzishwa na Rick Rubin akiwa mwanafunzi katika bweni la Chuo Kikuu cha New York. Chuck D, kiongozi wa kundi la Public Enemy, alisomea sanaa ya michoro katika Chuo Kikuu cha Adelphi, na wenzake aliwapata kupitia redio ya chuo hicho. Msikilizaji wa redio ya chuo mwishoni mwa miaka ya 1980 aliweza kusikia fani zote mbili bila kubadilisha kituo.

Je, wahakiki walisema nini kuhusu kila fani? Kuhusu bendi za ufaraguzi, walizungumzia umbo. Walichunguza jinsi wimbo mmoja unavyobadilika kutoka onyesho hadi onyesho, na jinsi hadhira inavyoshiriki katika kuuhifadhi. Tangu mwaka 1984, Grateful Dead iliwatengea mashabiki wenye vinasa sauti sehemu yao ukumbini, na kutokana na kanda hizo likaundwa ghala kubwa la matini tofautitofauti za nyimbo zilezile. Kumbukumbu za bendi hiyo zilikabidhiwa Chuo Kikuu cha California, Santa Cruz, mwaka 2008. Mtaalamu yeyote wa fasihi simulizi atalitambua suala hili mara moja: ni lile la fanani, hadhira na utendaji, ambapo hakuna matini moja iliyo "sahihi".

Kuhusu rapu, swali liligeuka. Halikuwa tena "wimbo huu umeundwaje?" bali "wimbo huu unatuambia nini kuhusu mitaa ya watu weusi?" Mfokaji akawa shahidi, na mhakiki akawa mwandishi wa habari anayemhoji. Ufaraguzi wa wafokaji wanaokabiliana ana kwa ana, ambao ni mgumu kwa kuwa hutunga kwa vina na mizani papo kwa papo, ukapewa nafasi finyu kuliko ufaraguzi wa gitaa.

Kisa cha Stagger Lee

Mfano mmoja unatosha kuonyesha jinsi mizani hii ilivyopinda. Usiku wa tarehe 25 Desemba 1895, katika mji wa St. Louis, mtu aliyeitwa Lee Shelton alimpiga risasi na kumwua Billy Lyons. Tukio hilo liliingia katika simulizi na nyimbo za Wamarekani weusi, na Shelton akageuka kuwa Stagger Lee, jabali muovu asiyeogopa sheria wala kifo. Mississippi John Hurt alirekodi wimbo wake kuhusu kisa hicho mwaka 1928. Mwaka 1978, Grateful Dead walitoa wimbo wao kuhusu Stagger Lee, kwa maneno ya mtunzi wao Robert Hunter. Wanafunzi waliuimba, wahakiki wakausifu kwa kuendeleza jadi.

Jabali huyohuyo ndiye babu wa mhusika mkuu wa rapu nyingi: mwenye silaha, mwenye maneno, mwenye kujisifu kwa mabaya. Lakini alipofika huko akavuliwa ujadi wake. Hakuwa tena mhusika. Akawa mfokaji mwenyewe akiungama.

Huenda mtu akasema kwamba tofauti ni ya nafsi: wimbo wa Stagger Lee husimuliwa katika nafsi ya tatu, ilhali mfokaji husema "mimi". Hoja hii haisimami. Katika wimbo wa "Friend of the Devil", uliotolewa na Grateful Dead mwaka 1970, anayesema "mimi" ni mtoro anayekimbia sheria. Trey Anastasio wa Phish aliwasilisha katika Chuo cha Goddard, mwaka 1988, tasnifu ya shahada iliyokuwa kisa cha kubuni kilichofungamana na nyimbo. Ndani yake kuna mtawala dhalimu, maasi na muuaji wa kukodiwa ambaye hujitambulisha kwa wimbo katika nafsi ya kwanza. Muuaji huyo alimsaidia mtunzi wake kupata shahada. Muuaji wa kubuni anayetungwa na kijana mweusi katika mtaa wa mabanda humsaidia mtunzi wake kupata nini?

Kutoka Darasani hadi Mahakamani

Swali hilo lina jibu, nalo linapatikana katika kumbukumbu za mahakama. Mwaka 1990, jaji mmoja wa Florida aliamua kwamba albamu ya kundi la 2 Live Crew ilikuwa chafu kiasi cha kukiuka sheria, na wanakundi wakashtakiwa kwa kuziimba nyimbo zake jukwaani. Mhakiki Henry Louis Gates, Jr. alifika mahakamani kueleza kwamba nyimbo hizo zilitumia kejeli, mzaha na kutia chumvi kwa mujibu wa kaida za masimulizi ya watu weusi. Wanakundi waliachiliwa, na mwaka 1992 mahakama ya rufaa ikautengua uamuzi wa jaji. Huo ulikuwa uhakiki uliotimiza wajibu wake: haukudai kwamba nyimbo zilikuwa nzuri, bali ulieleza zilikuwa za aina gani.

Kilichofuata kilikuwa kigumu zaidi. Viongozi wa mashtaka walizoea kusoma mistari ya rapu mahakamani kana kwamba ni maungamo, kama walivyoonyesha Erik Nielson na Andrea Dennis katika kitabu chao cha mwaka 2019, Rap on Trial. Mwaka 2014, Mahakama ya Juu ya New Jersey ilikataa hukumu iliyotolewa baada ya kurasa nzima za mashairi ya mshtakiwa kusomwa kwenye kesi. Majaji walikumbusha kwamba hakuna anayeamini kuwa Bob Marley alimpiga risasi shefifu kwa kuwa aliimba hivyo. Mwaka 2022, California ilipitisha sheria inayowalazimu majaji kupima kwa makini kabla ya kuruhusu kazi ya sanaa itumiwe kama ushahidi wa jinai. Lakini Novemba 2023, jaji wa Georgia aliruhusu, kwa masharti, baadhi ya mistari ya Young Thug itumiwe katika kesi yake. Kesi hiyo ilimalizika mwaka 2024 mshtakiwa alipokiri baadhi ya mashtaka na kupewa kifungo cha nje. Hatia ya mtu mmoja si hoja hapa. Hoja ni njia ya kuithibitisha. Aliyetenda jinai na ashtakiwe kwa alichotenda, si kwa alichosema nafsineni wake.

Mhakiki anayefundisha kwamba rapu ni "sauti halisi ya mtaa" na si zaidi ya hapo, hana budi kujiuliza ni kwa nini maneno yake yanafanana mno na ya kiongozi wa mashtaka. Wote wawili wameshikilia kwamba mfokaji hawezi kubuni. Mmoja hulisema hilo kwa mapenzi na mwingine kwa uadui, lakini matokeo kwa mfokaji ni mamoja.

Pingamizi Mbili

Pingamizi la kwanza ni kwamba wafokaji wenyewe husisitiza kuwa wanasema kweli tupu. Chuck D amenukuliwa mara nyingi akiilinganisha rapu na kituo cha habari cha watu weusi. Kauli hii ina uzito, lakini dai la ukweli ni kaida ya utanzu, si cheti cha ukweli. Mtambaji wa ngano hudai kwamba alikuwako arusini na akala wali, na hakuna msikilizaji anayemtaka alete mashahidi. Katika majigambo, ambayo fasihi simulizi ya Kiafrika inayajua vyema, jabali hujitapa kwa maadui aliowaangusha na damu aliyoimwaga. Anayetamba huhukumiwa kwa ufundi wa kutamba. Rapu ina majigambo tele, na kuyasoma kama taarifa ya polisi ni kutojua utanzu unaosomwa.

Pingamizi la pili ni kwamba vita hivi vimekwisha, kwa kuwa vyuo vikuu vimeikubali rapu. Harvard ina hifadhi yake tangu mwaka 2002. Cornell, chuo kilekile cha onyesho la mwaka 1977, kina mkusanyo wake tangu mwaka 2007. Mwaka 2018, Kendrick Lamar alitunukiwa tuzo ya Pulitzer ya muziki. Haya ni mafanikio, lakini kuhifadhi si kuhakiki. Hata waamuzi wa tuzo hiyo, pamoja na kuusifu ustadi wa Lamar na mahadhi yake, waliusifu uhalisi wa lugha yake na jinsi alivyonasa maisha ya Wamarekani weusi. Bado mlango ambao mfokaji mweusi anaruhusiwa kuupitia ni ule wa uhalisi.

Ieleweke kwamba kumpa mfokaji nafsineni si kumwondolea lawama. Nyimbo zinazomdhalilisha mwanamke zinamdhalilisha hata kama msemaji ni mhusika wa kubuni, na mhakiki ana wajibu wa kulisema hilo waziwazi. Vilevile, kuzirejesha bendi za ufaraguzi katika jamii si kuzishushia hadhi. Hadhira yake imekuwa ya weupe kwa sehemu kubwa, muziki wake umekopa mno kutoka kwa weusi, na kuifuata bendi kutoka mji hadi mji kunahitaji muda na fedha ambazo si kila mwanafunzi anazo. Masuala hayo ya kijamii yaliachwa kando kwa sababu mhakiki aliyameza yote katika upande wa rapu.

Hitimisho: Wajibu wa Wahakiki wa Kiswahili

Mjadala huu ni wa Marekani, lakini una mwangwi Nairobi. Mwaka 1968, Ngũgĩ wa Thiong'o, Henry Owuor-Anyumba na Taban lo Liyong walipotaka Idara ya Kiingereza ya Chuo Kikuu cha Nairobi ivunjwe, waliipa fasihi simulizi nafasi ya msingi katika mtaala waliopendekeza. Tangu wakati huo, idara za fasihi nchini zimejenga istilahi ambazo wahakiki wa Marekani wangezihitaji: fanani, hadhira, utendaji, majigambo, ufaraguzi. Ni ajabu basi kwamba rapu ya Kiswahili na Sheng ilipojitokeza, Kalamashaka wa Dandora wakiwa miongoni mwa walioifungulia njia katika miaka ya 1990, mwelekeo wa wengi ulikuwa kuziweka kando istilahi hizo na kuuliza maswali ya mwanasosholojia: umaskini ni wa kiasi gani, polisi ni wakatili kiasi gani, vijana wamekata tamaa kiasi gani.

Maswali hayo ni halali, lakini wapo wengine wa kuyauliza. Mhakiki wa fasihi ana swali lake, na asipoliuliza yeye, hakuna atakayeliuliza kwa niaba yake: ni nani anayesema ndani ya wimbo huu, ameumbwaje, na kwa kaida zipi? Msomi anayemsikiliza kijana wa Dandora akitamba na kusikia maungamo tu, amemnyima kijana huyo haki ambayo hamnyimi Muyaka bin Haji wala mtunzi yeyote wa tenzi: haki ya kubuni. Na haki hiyo ikishanyimwa darasani, hakimu hatakuwa na sababu ya kuirejesha.