Baada ya Minara, Kazi Iliyobaki Ifakara ni Ndani ya Majengo

Mwezi Mei 2023 jijini Dodoma, Serikali kupitia Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote (UCSAF) ilisaini mikataba na watoa huduma za simu ya kujenga minara 758 katika kata 713 nchini. Ni kawaida sasa kwa mwananchi kupima maendeleo ya mawasiliano kwa idadi ya minara. Kwa kijiji ambacho hakikuwa na mtandao kabisa, kipimo hicho ni cha haki. Kwa mji unaokua kama Ifakara hakitoshi, kwa kuwa mnara unaweza kuwa jirani na simu iliyo ndani ya jengo ikakosa mtandao.

Mawimbi ya simu hupungua nguvu yanapopenya zege na matofali, na bati la paa huyarudisha yalikotoka. Yale ya masafa ya juu, yanayobeba data nyingi, ndiyo yanayoshindwa mapema zaidi.

Katika Bonde la Kilombero suala hili lina uzito wake. Hospitali ya Rufaa ya Mtakatifu Francis iliyopo Ifakara huhudumia wananchi wa Kilombero, Ulanga na Malinyi. Kabla ya Daraja la Magufuli, lenye urefu wa mita 384 na lililozinduliwa rasmi Mei 2018, wagonjwa kutoka ng'ambo ya Mto Kilombero walitegemea kivuko. Leo gari la wagonjwa huvuka kwa muda mfupi. Hata hivyo, daktari wa zamu huitwa kwa simu, na ndugu aliyebaki Mahenge hutuma fedha za matibabu kwa simu. Katika jengo lolote la huduma ambalo simu haishiki, muda uliookolewa darajani unaweza kupotea mlangoni.

Suluhisho kwa majengo makubwa ni mfumo wa antena ndogo zinazotawanywa darini na kuunganishwa kwa faiba, yaani nyuzi nyembamba za kioo. Mitambo ya mtoa huduma huwekwa katika chumba kimoja, mawimbi hugeuzwa kuwa mwanga na kusafirishwa hadi kila ghorofa au wodi, kisha kifaa kidogo huyarejesha kuwa mawimbi ya redio. Kebo ya shaba hupoteza sehemu kubwa ya nguvu ndani ya mita mia moja tu, wakati faiba haipotezi kitu cha kuhisiwa. Aidha, kioo hakipitishi umeme, sifa yenye thamani katika bonde lenye mvua na radi, hasa pale kebo inapounganisha jengo moja na jingine, mradi isiwe na ganda la chuma.

Faiba ina masharti yake. Kebo yenye unene wa milimita 6 haipaswi kukunjwa kwenye kona yenye nusu kipenyo cha chini ya sentimita 6, na inapovutwa kona hiyo iwe ya sentimita 12. Vumbi kidogo kwenye kiunganishi huzuia mwanga. Panya, ambao wakulima wa mpunga wa bonde hili wanawafahamu vyema, hutafuna kebo isiyopitishwa kwenye bomba. Ndani ya jengo, ganda la kebo linatakiwa liwe la aina inayotoa moshi kidogo na wenye sumu kidogo linapoungua.

Masharti hayo hutimizwa kwa urahisi jengo likiwa bado mchoro. Kuacha njia za kebo na chumba cha mitambo wakati wa ujenzi ni gharama ndogo, ilhali kutoboa kuta za wodi yenye wagonjwa ni gharama na usumbufu. Zahanati ya vyumba vinne haihitaji mfumo huu, na kuulazimisha huko ni kupoteza fedha za umma. Wala si busara kununua kiholela vifaa vya kuongeza mawimbi. Vifaa vya mawasiliano vinapaswa kuwa vimethibitishwa na Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA), na kisichothibitishwa kinaweza kuvuruga mnara unaotumiwa na mtaa mzima.

Mwanga wa faiba hausafirishi umeme wa kuendesha vifaa vilivyopo mwisho wa kebo. Umeme ukikatika usiku, antena za wodini hunyamaza hata kama mnara wa nje unafanya kazi, isipokuwa vifaa hivyo viwe vimeunganishwa kwenye laini ileile ya jenereta inayohudumia chumba cha upasuaji.